Shubiri ya Nani

Fomu ya chama cha wanawake wafanyabiashara ilikuwa na swali moja tu lililonipa taabu: "Changamoto kubwa ya biashara yako ni nini?" Walikuwa wameacha mistari mitano ya kujibia. Nilitafuna kalamu kidogo, kisha nikaandika neno moja: "Mwenyewe." Nikaweka jina la wifi yangu chini, nikaipeleka ofisini kwao kwa miguu kabla moyo haujanisuta.

Sioni haya kulisema. Mimi ni dada wa mumewe, na wifi asiyekuwa na la kusema huyo ni wifi wa nini? Isitoshe nilikuwa nafanya kazi kwake. Miaka tisa nimepiga pasi na kushona vifungo katika duka lile la ushonaji, kwa hiyo niliyoyaandika sikuyasikia kwa jirani. Duka lenyewe ni chumba kimoja chenye madirisha mawili. Cherehani tatu zimepangwa ukutani penye mwanga, ubao wangu wa pasi uko nyuma karibu na plagi, na katikati kuna meza ya kukatia, ambayo zamani ilikuwa mlango wa nyumba ya mtu. Kwenye meza hiyo alisimama wifi yangu peke yake. Sisi wengine tulikuwa wanne: wasichana wawili wa tumbo moja, mwanamke mmoja tuliyemwita Kiganja kwa sababu mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko ya wanaume wengi, na mimi.

Wifi alifundishwa na shangazi yake, na shangazi huyo hakuwa na futi ya kupimia. Alipima kwa shubiri: unatandaza mkono, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, na mkono unatembea juu ya kitambaa kama kiwavi. Wifi akarithi vivyo hivyo. Futi aliivaa shingoni kwa ajili ya heshima, wateja wasione kama hana. Anakuangalia mara moja ulivyosimama mlangoni, anatandaza kitambaa, mkono unakwenda tano chini, mbili na nusu upande, vidole viwili vya ziada kwapani, halafu mkasi. Hakuandika kitu. Na nguo ilikaa. Nitamsema kwa mengi, lakini kwa hilo simwibii haki yake: nguo ilikaa mwilini kama umezaliwa nayo. Watu wakamwita Fundi Shubiri. Wateja walikuwa na maana ya kipimo. Sisi wa ndani tulikuwa na maana ya ile shubiri nyingine, ile chungu, kwa ajili ya ulimi wake.

Tabu ilikuwa moja. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kushika mkasi. Wifi akienda msibani, tunakaa. Akiumwa kichwa, tunakaa. Alipojifungua mtoto wake wa mwisho duka lilifungwa miezi miwili, na wateja wakaenda kwingine, wengine hawakurudi mpaka leo. Ukimwuliza kwa nini hamfundishi mtu, atakusimulia habari za mwanafunzi wake wa kwanza, aliyekaa mwaka mmoja na nusu, akajifunza, akafungua duka lake milango mitatu kutoka pale. "Nilimnyonyesha mwenyewe," anasema, "na meno yalipoota akaning'ata." Baada ya huyo, alifunga mlango wa elimu akameza ufunguo.

Wiki mbili baada ya kuipeleka ile fomu, siku ya Jumatano asubuhi, akaingia mama mmoja mfupi, miwani imefungwa kamba, begi la kitambaa begani. Alisema ametumwa na chama. Alikuwa mkuu wa chumba cha kukatia katika kiwanda cha nguo kwa miaka thelathini, amestaafu, na sasa chama kinamgawa kwa wanawake wenye biashara, kila mmoja saa moja kwa wiki, wiki kumi na mbili, bure.

"Nimesoma fomu arobaini," akamwambia wifi. "Wengi wanaandika ukurasa mzima. Wewe umeandika neno moja. Nikawaambia, huyu nipeni mimi."

"Neno gani?" wifi akauliza.

Mshauri akaitoa fomu, akamwonyesha. Wifi akasoma. Akageuza shingo polepole mpaka macho yake yakanifikia huku nyuma kwenye pasi.

"Wifi."

"Naam, wifi."

"Mimi na wewe tutaongea."

Hatukuongea, maana mshauri alikwisha kuvuta kigoda akakaa. Saa nzima hakusema neno. Alitazama saa yake ya mkononi, akawa anachora vijistari kwenye daftari. Muda wake ulipokwisha akasimama, akafunga daftari.

"Cherehani zako zimesimama mara kumi na moja," akasema. "Si kwa kukatika uzi. Zinasubiri kitambaa kitoke mezani kwako."

"Ndiyo maana ya kuwa fundi," wifi akajibu.

"Hapana, mama. Hiyo ndiyo maana ya kuwa foleni."

Kiganja alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Mimi nilimpenda mama yule tangu dakika hiyo.

Jumatano zilizofuata alirudi, na kila mara alikuja na swali lile lile kwa sura tofauti. Ukiugua kesho? Ukiitwa safari? Mtoto akilazwa? Wifi alimjibu kwa adabu, akampa maji ya moto aliyoyapenda, akamsindikiza mpaka nje, kisha anarudi ndani anasema, "Kiwanda si duka. Kule wanashona magunia." Mshauri hakugombana naye. Aliwahi kuniambia mlangoni kwamba kazi yake ni kama ya mtu anayebisha hodi: ataendelea kugonga, lakini hawezi kujifungulia.

Katikati ya hayo ikaja kazi kubwa. Chuo cha uuguzi kilitaka makoti meupe mia moja na ishirini ya wanafunzi, saizi tatu, katika wiki tano. Wifi alishona makoti mawili ya mfano ya saizi ya kati, moja akalipeleka, moja likabaki limetundikwa ukutani kwetu. Chuo kikalipenda. Mkataba ukaja, wifi akatia saini bila kumwuliza mtu. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kupata kazi ya taasisi, na wote tulijua kwamba tukiifanya vizuri wangetupa na ya mwaka unaofuata, na tukiivuruga ndiyo basi, tutarudi kupunguza suruali za watu viuno.

Alianza kukata siku ile ile. Makoti kumi na mawili ya kwanza, ya saizi ya kati, aliyakata kwa siku tatu, na hapo ndipo nilipoona jambo. Kwa kawaida makoti kumi na mawili angeyakata kwa siku moja na nusu. Mchana wa siku ya tatu alinipa chupa ya chai nimfungulie. Nikamfungulia. Baadaye akanipa kopo la chaki nimfungulie. Nikamwangalia mkono. Fundo la kidole gumba lilikuwa limevimba na kung'aa.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Wifi, mimi si mteja."

"Miezi," akasema. "Funga mdomo."

Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye aliumbuliwa na mkasi. Asubuhi iliyofuata ulimtoka mkononi ukaanguka sakafuni, alipoinama kuuokota akashindwa kuushika. Hakulia. Alisimama tu akiuangalia kama mtu aliyetukanwa. Kaka yangu akaja akampeleka zahanati, na huko tabibu akamwambia viungo vya kidole kile vimelika kwa kukata miaka ishirini, akamfungia kidole kwa kibao na bendeji, akampa siku mbili za kulala na dawa na wiki sita za kutoshika mkasi. Wiki sita, na sisi tulikuwa tumebakiwa na nne.

Hizo siku mbili ndizo zilizoleta balaa. Jora la kitambaa cheupe liko mezani, cherehani zimenyamaza, wasichana wawili wanaangaliana. Kiganja akainuka.

"Mimi naweza," akasema.

"Unaweza nini?"

"Kukata. Miaka mitatu nakaa cherehani ya mbele. Namwona. Tano chini, mbili na nusu kifua, shubiri moja na vidole vitatu bega, mkono tatu kasoro vidole viwili. Nimeyashika yote."

Na kweli alikuwa ameyashika. Aliyasema kama mtoto asemavyo majedwali ya kuzidisha, saizi zote tatu, hadi kola. Ningeweza kumzuia. Sikumzuia, kwa sababu nilikuwa na hasira na wifi kwa kuficha ugonjwa, na kwa sababu nilitaka sana iwe kweli. Kiganja akanawa mikono, akatandaza kitambaa, mkono wake ukatembea juu yake. Alikata taratibu, kwa uangalifu mkubwa, jasho likimtoka puani. Siku mbili, makoti kumi na manane ya saizi ya kati. Mikato yake ilikuwa safi, haina meno.

Asubuhi ya Jumatano wasichana wakashona la kwanza. Mimi ndiye saizi ya kati ya duka lile, basi nikalivaa. Nikatafuta mikono yangu nisiione. Bega la koti lilinifika karibu na kiwiko, pindo likanigusa kifundo cha mguu. Nilikuwa mle ndani kama punje moja ya mahindi iliyosahauliwa kwenye gunia. Msichana mmoja akaanza kucheka, wa pili akafuata, nami nikacheka, mpaka tulipomwona Kiganja. Alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili.

"Nilihesabu," akasema. "Wallahi nilihesabu sawasawa."

Hapo hapo mlango ukafunguliwa. Wifi alikuwa amechoka kulala, amekuja na kidole chake kwenye kibao, na nyuma yake mshauri, maana ilikuwa siku yake.

Wifi alilitazama koti. Akatazama meza, akaona vipande vimepangwa. Sauti aliyoitoa sijawahi kuisikia kabla wala baada.

"Nani kagusa mkasi wangu?"

"Mimi, Fundi," Kiganja akasema.

"Umejifunzia wapi?"

"Kwako. Nilikuwa nakuangalia."

"Miaka mitatu unanipeleleza! Nakupa kazi, nakupa cherehani, kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Kitambaa cha watu hicho! Utakilipa kwa nini?"

Mshauri akaweka begi lake chini, akaniambia nivue koti, akalitandaza mezani. Akamwuliza Kiganja amekata urefu gani.

"Shubiri tano, mama. Kama Fundi."

"Shubiri ya nani?"

Nakumbuka msichana mdogo ndiye aliyepata maana kwanza, akaziba mdomo kwa kiganja. Mshauri akaichukua futi shingoni mwa wifi, akamwambia Kiganja atandaze mkono. Sentimita ishirini na nne. Akamgeukia wifi, akaomba mkono wa kushoto, ule mzima. Ishirini na moja. Tofauti ya vidole viwili tu. Ukiizidisha mara tano, unapata koti linalofagia sakafu.

"Hakukosea hata hesabu moja," mshauri akasema. "Amekosea mkono tu. Na mkono si wake kuubadilisha."

Wifi akakaa kwenye kigoda. Hasira ilikuwa imemshuka, na chini yake kulikuwa na kitu kingine ambacho nadhani kilikuwepo siku zote.

"Nikimfundisha ataondoka," akasema. Alimwambia mshauri, lakini Kiganja alisikia, sote tulisikia. "Huo ndio ukweli. Wakijua ninachokijua, mimi wa nini? Nitabaki mwanamke mwenye kidole kibovu. Hata hapa ndani watanipita kama kiti."

Nilidhani mshauri atampa maneno matamu. Hakumpa.

"Mimi nimefundisha wakataji kumi na mmoja," akasema. "Wanne waliondoka wakaenda viwanda vingine. Mmoja akawa bosi wangu, ananisainia likizo."

"Ukafanya nini?"

"Nilinuna mwaka mzima. Kisha nikaona nanuna peke yangu, nikaacha." Akavua miwani akaifuta. "Siwezi kukuahidi kwamba huyu hataondoka. Naweza kukuambia tu kwamba leo hujaweza kukata, na yeye hajaondoka. Tufanye kazi?"

Kidole kimoja hakivunji chawa, nikataka kusema, nikajizuia. Kuna siku hata wifi hunyamaza.

Kazi yenyewe ilianza kwa habari njema. Koti kubwa hupunguzwa; dogo ndilo halina dawa. Mshauri alionyesha kwamba vipande vile vya makoti kumi na manane ya Kiganja vikipunguzwa vitatoa makoti ya saizi kubwa, na mkataba ulitaka ishirini ya saizi hiyo. Hakuna kitambaa kilichopotea isipokuwa vipande vya kufutia mafuta ya cherehani. Kiganja aliposikia hivyo alikaa chini sakafuni.

Kisha tukatengeneza vigezo. Mshauri alileta maboksi matupu ya karatasi ngumu, akasema tutachora kila kipande cha koti juu yake, tukikate, tukitoboe tundu, tukitundike ukutani. Yeyote atakayeweka kigezo juu ya kitambaa na kuzungusha chaki atapata koti lile lile. Na kigezo hakijali kitambaa ni cha tabaka ngapi: ukipanga sita, unakata sita kwa mara moja. Wifi akavuta karatasi ya kwanza, akanyoosha mkono wa kulia wenye kibao ili aanze kupima.

"Hapana," mshauri akasema. "Si kwa mkono. Tufumue koti la mfano."

Lile lililotundikwa ukutani. Wifi alilipenda koti lile, alikuwa analionyesha kwa wateja.

"Mkono wangu umepima watu miaka ishirini."

"Najua. Lakini chuo hakikusaini mkono wako, kilisaini koti hilo. Na mkono unaumwa, mama. Unabadilika. Karatasi haiumwi."

Alilifumua yeye mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, mshono baada ya mshono, na hakuruhusu mtu amsaidie. Vipande vikalazwa juu ya karatasi, Kiganja akavichora. Kutoka hapo mshauri akatufundisha kuongeza na kupunguza ili tupate saizi nyingine mbili. Jioni ukuta wetu ulikuwa na vigezo ishirini na moja vimetundikwa misumarini, na kila kimoja kimeandikwa saizi yake na jina la kipande. Kabla hajaondoka, mshauri akaelekeza macho kwenye yale makoti kumi na mawili ya kwanza, yaliyokwisha kushonwa na kupigwa pasi, yamekunjwa kwenye rafu.

"Hayo nayo tuyaweke juu ya kigezo tuone."

"Hayo nimekata mwenyewe," wifi akasema.

"Ndiyo maana nasema tuone."

"Mama, leo nimekubali kila kitu. Umenifumulia koti langu. Hayo yaache."

Mshauri alimtazama kidogo. "Sawa. Mimi nashauri, siamuru. Duka ni lako." Akabeba begi lake akaenda zake. Mimi ndiye niliyeyapiga pasi makoti yale, nami sikuona kasoro, kwa hiyo nilimwunga mkono wifi yangu. Huo nao ni ukweli, nauandika ingawa haunipendezi.

Wiki zilizofuata zilikwenda kwa mwendo ambao duka lile halijapata kuuona. Kiganja alikata tabaka sita sita. Mwanzoni wifi alisimama nyuma yake akipumulia shingo yake, "chaki imekaa ndani mno, kaza kitambaa, usivute mkasi." Kiganja aliitikia, "Ndiyo, Fundi," akaendelea. Siku ya nne wifi hakuwa na la kusema, akaenda kukagua mishono ya wasichana, akagundua kwamba mmoja wao amekuwa akifunga kwapa vibaya kwa miaka miwili bila yeye kujua. Akaanza kupokea simu. Akaenda kwa wenye vitambaa akabishana nao akiwa na muda wa kubishana. Nilimwona anachangamka na nilimwona anaumia, mara nyingine katika saa moja. Akiona Kiganja anakata, alikuwa anautikisa ule mkono wake mbovu taratibu, bila kujijua.

Siku mbili kabla ya muda kwisha, makoti mia na ishirini yalikuwa tayari. Tulikodi gari dogo la mizigo. Tulikwenda watatu: wifi, Kiganja na mimi. Mshauri tulimwalika akakataa. Alisema siku ya kupeleka kazi yeye hana kazi.

Chuo kina stoo ndefu yenye rafu za chuma, na mtunza stoo ni mzee mmoja mkavu mwenye kalamu tatu mfukoni. Hakusalimia mara mbili. Alifungua mkataba, akatusomea kwa sauti kama vile tulikuwa hatuujui: kila koti lisipungue wala kuzidi kipimo kwa zaidi ya sentimita moja, na yaliyokosewa yakizidi kumi kwa mia, mzigo wote unarudi na mkataba unavunjika.

Akachukua koti la juu kabisa. Yale ya kwanza kushonwa ndiyo yaliyokuwa juu. Akapima mgongo kutoka kola hadi pindo.

"Mia na mbili," akasema. "Inatakiwa mia na tano."

Akachukua la pili. Mia na mbili. La tatu, mia na mbili na nusu. Akayapanga pembeni, akaandika. La nne. La tano.

Nilianza kuelewa pale pale, na nadhani wifi alielewa kabla yangu. Kidole kilichovimba hakifunguki chote. Shubiri yake ilikuwa imepungua tangu akate yale makoti ya mfano, kidogo tu, hata yeye hakujua, na ile ya kushoto tuliyoipima siku ile haikuwa ndiyo iliyokata. Tano mara kidogo ni sentimita tatu. Mwanamke aliyepima nusu ya mji kwa mkono alikuwa amepunjwa na mkono wenyewe.

"Nani alikata haya?" mtunza stoo akauliza.

Kiganja akasonga mbele. Sikuwahi kumwuliza alikuwa anafikiri nini, lakini niliona amekunja mikono ile mikubwa nyuma ya mgongo. "Mzee, hayo ni mimi nili..."

"Nyamaza," wifi akasema. Hakusema kwa ukali. Akamwekea Kiganja mkono wa bendeji begani. "Nimekata mimi, mzee. Yako kumi na mawili, ni hayo ya juu. Nilipima kwa mkono na mkono ulikuwa mgonjwa. Niliambiwa niyakague, nikakataa. Yatenge yote, usijisumbue kuyapima."

Mzee akapiga hesabu kwenye ukingo wa karatasi. "Kumi na mawili katika mia na ishirini ni kumi kwa mia kamili." Akainua macho. "Kamili, hayajazidi. Likiongezeka moja tu, mnaondoka na mzigo."

"Pima yaliyobaki," wifi akasema.

"Kwa kawaida napima machache."

"Pima yote. Kakata huyu."

Na mzee akapima yote. Makoti mia na manane, mgongo, kifua, mkono, bega, kila moja kwa kipimo cha saizi yake. Ilichukua asubuhi nzima. Sikumbuki kama nilikaa au nilisimama. Kiganja aliangalia sakafu. Wifi aliangalia futi, kila mara, na midomo yake ilikuwa inasoma namba pamoja na mzee. Duka lake lote, miaka yake ishirini, jina lake, alikuwa ameyaweka kwenye mkasi wa mtu aliyemwita mpelelezi wiki nne kabla. Mia na tano. Mia na tano. Mia na nne na nusu, nikashika ukuta. Mia na tano.

Mzee akakunja koti la mwisho, akalilaza juu ya mengine.

"Haya yako sawa. Hayo kumi na mawili niletewe mengine Ijumaa." Akavuta fomu ya kupokelea, akafungua kalamu. "Mwaka ujao tutaagiza tena, basi naandika fundi mkataji ili tujue wa kumwulizia. Jina?"

Kiganja akamtazama wifi, kama sisi sote tulivyozoea kufanya anapoulizwa fundi.

Wifi akamtajia mzee jina. Halikuwa lake. Lilikuwa jina la Kiganja, lile la kwenye kitambulisho, la kwake, la baba na la babu, akalitaja polepole ili mzee asikosee herufi. Kiganja alilia pale pale mbele ya rafu za chuma, uso kwenye viganja. Mimi nikageukia dirishani, maana miaka mitatu nilikaa naye chumba kimoja, nikala naye, nikamcheka, na jina lile nililisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza.